Tingatinga Kwenye Kaburi la Ngollo

Haya, nikutegee moja, wala usikimbilie kujibu. Anakula kilima asishibe, anakunywa pipa zima asilewe, na nyayo zake hazina vidole. Ni nani?

Umesema tembo? Tembo ana vidole, nenda kamtazame vizuri. Treni? Treni haili udongo, mjukuu wangu. Umeshindwa. Basi nipe mji, nipe Tabora nzima na Kanyenye yake na maduka yake, nikwambie. Ni tingatinga.

Wewe unacheka kwa sababu umelizoea. Unalipita barabarani huku unakula muhogo. Mimi siku niliyoliona mara ya kwanza nilikojoa nimesimama, na sikuwa mtoto mdogo, nilikuwa na miaka kumi na nimeshaingia darasa la pili kwa masista. Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Kijiji chetu cha Itobela kilikuwa upande wa kwenda Ulyankulu, kando ya ile njia ya zamani waliyopita wapagazi na pembe zao kwenda pwani. Njia yenyewe ilibaki imezama kama mfereji kwa wingi wa miguu iliyopita. Serikali ikasema sasa itapita barabara ya magari palepale. Kazi ikapewa kampuni moja ambayo jina lake hatukulijua. Sisi tulimjua Bwana wao tu, Mzungu mwembamba aliyevaa kofia mbili, moja juu ya nyingine, kwa ajili ya jua.

Tulidhani watakuja na majembe na karai kama kawaida. Wakaja na wanyama wa chuma.

Kulikuwa na greda, lina kisu kirefu tumboni, likipita ardhi inabaki kama kanga iliyopigwa pasi. Kulikuwa na rola la kushindilia, hilo linakwenda polepole kama mzee mwenye tambazi miguuni, lakini likipita barabarani vibuyu vinagongana ukutani kwako. Kijiko, mashine yenye mkono mrefu, kilibaki mtoni, kinachota changarawe na kuimimina kwenye malori, shingo juu, shingo chini, kama korongo anayekunywa. Nilikuwa nakipenda kile kijiko. Lakini tingatinga hapana. Tingatinga halikuwa na magurudumu, lilikuwa na minyororo, na mbele limeshika ubao wa chuma mpana kama ukuta wa nyumba.

Siku ya kwanza tu lilikutana na kichuguu cha nyuma ya kisima. Kichuguu kile kilikuwa kirefu kuliko nyumba yetu. Baba yangu alikikuta, na baba yake alikikuta. Tulikuwa tukikinga kumbikumbi pale kila mvua za kwanza. Tingatinga likarudi nyuma kidogo, likanguruma, likaja. Mama yangu alikuwa ameshika kata ya uji. Kabla hajaifikisha mdomoni, kichuguu hakipo. Pale kilipokuwa pamebaki weupe wa mbingu.

 Mzee Lugembe, jirani yetu mrina asali, alikaa chini vumbini.  Akasema, "Kumbe dunia inafutika."

Ndipo tukaanza kuuliza vigingi alivyopigilia Bwana kuonyesha njia ya barabara vinaelekea wapi.

Vilielekea kwenye kaburi la babu.

Sasa nikueleze kaburi hilo. Babu yangu, mzaa baba, aliitwa Ngollo. Vita ya kwanza ya Wazungu ilipofika Tabora alichukuliwa kubeba mizigo, akamwacha bibi yangu Katarina na mtoto wa mgongoni, ndiye baba yangu Silasi. Alikaa miaka mitatu bila habari. Halafu siku moja, bibi akiwa ameenda kuuza karanga kwenye kituo ambapo wasafiri walikuwa wakipumzika, akarudi amejipaka majivu usoni. Akasema Ngollo amerudi, amefika kituoni na ndui mwili mzima, na amekufa mikononi mwake. Ndui, unajua? Hujui, mshukuru Mungu. Mtu wa ndui hakuna wa kumsogelea. Wakamwambia, zika hukohuko. Akachimba peke yake, mwanamke mmoja na jembe moja, tangu asubuhi mpaka jua linaelekea kuzama, watu wanamtazama kutoka mbali. Akapanga mawe juu, akaotesha minyaa kuzunguka.

Hakuolewa tena. Walikuja wanaume kumposa, wenye ng'ombe na wasio na ng'ombe, akawakataa wote. Alipobatizwa, Padre alikuwa akimtaja kanisani, "Mtazameni Katarina, mjane wa kweli." Sisi wajukuu tulikuwa tunatembea kifua mbele kwa ajili yake. Baba yangu, ambaye alikuja kuwa katekista, kila mwaka siku ya marehemu alikwenda kupalilia kaburi lile na kusali, na machozi yalimtoka kwa baba ambaye hakumjua sura.

Bwana wa kofia mbili hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuja nyumbani mwenyewe pamoja na nyapara wake, Justus, kijana msafi wa Bukoba mwenye kalamu mfukoni. Bwana akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Kaburi hii nani mwenyewe?"

Baba akamwonyesha bibi.

"Mama, kama wewe nasema hapana, barabara itapinda. Kama wewe nasema ndiyo, sisi nachimba mzee, natia sanduku mzuri, napeleka kanisani. Mpaka Jumatatu asubuhi nataka jibu."

Baba yangu alifurahi. Unaweza kushangaa, lakini alifurahi. Wageni walipoondoka akapiga magoti mbele ya mamaye. "Mayu," akasema, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, "hii ni bahati. Baba alizikwa kama mbwa, bila sala, kwa sababu ya ndui. Sasa atapata sanduku na misa. Tutamlaza karibu na kanisa, nawe siku yako ikifika utalala pembeni yake."

Bibi alikuwa akichambua maharage. Mikono ikasimama.

"Asiguswe."

"Lakini mayu, misa..."

"Silasi, nimesema asiguswe! Ukilitia jembe kaburi lile, mimi si mama yako."

Alikuwa hajawahi kumwambia hivyo.  Jumamosi baba akaandika barua ya kukataa kwa mwandiko wake mzuri wa ukatekista, bibi akabonyeza kidole gumba chenye wino, barua ikakunjwa. Itapelekwa kambini Jumatatu asubuhi, kama Bwana alivyosema. Tulilala tukijua barabara itapinda.

Sasa ngoja nikwambie lililoharibu mambo. Yaliharibiwa na kicheko.

Dereva wa tingatinga alikuwa Abasi, Mzaramo wa Kisarawe. Na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walikuwa wakifika pwani na mizigo, wanaugua, wanakufa, na Wazaramo ndio waliowauguza na kuwazika. Kwa hiyo mtani anaweza kukutukana, anaweza kuchukua kuku wako, na hata msibani anaweza kuingia kaburini akalala humo mpaka umpe kitu ndipo atoke. Na wewe huruhusiwi kukasirika. Mnyamwezi akimkasirikia mtani, anakuwa amejivua nguo mbele za watu.

Jumapili baada ya misa Abasi akaja kwetu kuomba maji ya kunywa. Justus alikuwa naye, alitaka kusikia kama bibi ameshaamua, na baba mwenye barua alikuwa bado kanisani.

"Hodi kwa wapagazi wa babu yangu!" Abasi akapaza sauti toka mbali.

"Karibu, mla papa!" bibi akajibu. "Umekuja kuiba nini leo? Kuku wangu nimewahesabu."

"Kuku wenyewe wamekonda kama nyie. Mimi nimekuja kumwona marehemu wenu. Miaka yote amejilaza njiani kama mlevi wa pombe ya uwele! Babu yangu alimpa pembe moja aifikishe Bagamoyo, mpaka leo haijafika. Kesho namwamsha na lile dude langu, akamalizie safari."

Watu walikuwa wengi uani, wanacheka tayari, wanamtazama bibi atajibu nini. Hapo hakuna kukwepa.

"Mwamshe!" bibi akasema. "Tena mwamshe mapema, jua halijawa kali. Ukimkuta bado anakoroma mpige kofi, umwambie mkewe amechoka kumngoja!"

Tulicheka mpaka tukashikana. Bibi mwenyewe alicheka mpaka akakohoa. Abasi akampigia magoti, "Mtani, umenishinda," akachukua kuku mmoja kweli, akaondoka naye kwapani.

Justus hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda na daftari lake. Wahaya hawana utani na sisi. Kwao mtu mzima akitamka jambo la kaburi mbele ya watu, amelitamka. Kijana wa watu akarudi kambini akamwambia Bwana, "Mjane amekubali. Amesema kaburi lichimbwe mapema kabla ya jua kali, na kwamba amechoka kungoja." Alisema alichokisikia. Mpaka leo siwezi kumlaumu.

Jumatatu alfajiri Bwana akatoa amri. Abasi naye, tuliambiwa baadaye, aliuliza mara mbili, "Amekubali kwa kinywa chake?" Justus akamwambia, "Kwa kinywa chake mwenyewe, nilikuwepo." Abasi akadhani baada ya yeye kuondoka na kuku wake bibi aliitwa pembeni akasema maneno ya kweli. Wapi angejua kwamba maneno yenyewe ni yale ya utani?

Mimi na bibi tulikuwa tunakwenda kisimani. Baba alikuwa ameshatangulia kambini kwa njia ya mkato, barua mfukoni mwa shati. Tukasikia mngurumo. Bibi akasimama. Mngurumo haukuwa upande wa kambini.

Mjukuu wangu, bibi yangu alikuwa mtu wa karibu miaka sitini. Alitupa mtungi, ukapasuka miguuni pangu, akakimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia. Kitenge kilifunguka, hakukishika. Nikawa namfuata nalia bila kujua ninalia nini.

Tulipofika, minyaa ilikuwa imelala chini, utomvu mweupe unatiririka kama maziwa. Mawe yametawanyika. Pale palikuwa na mwinuko, na Bwana alitaka ukatwe kwanza; lile sanduku zuri lilikuwa limewekwa kando, jipya, linanuka mninga, na watu wanne wenye koleo wanangoja. Tingatinga lilikuwa linapunguza udongo wa juu, taratibu, kwa heshima, kama mtu anayemfunua mgonjwa shuka.

"Abasi!" bibi akapiga kelele. "Abasi! Abasi!"

Abasi akageuka, akamwona, akajua. Nilimwona uso wake unavyojua. Akavuta mikono yote ya lile dude kwa pamoja, likaruka, likasimama, likazimika. Lakini ubao ulikuwa umeshazama, na kwa kule kuruka ukafunua kilichokuwa chini.

Kimya. Unajua kimya cha mashine iliyokuwa inanguruma? Masikio yanauma.

Abasi aliruka chini, akajitupa miguuni pa bibi, vumbi tupu. "Mtani, nilitania! Wallahi nilikuwa natania! Wameniambia umekubali!" Na Justus anasema, "Lakini alisema, nilimsikia, alisema mapema," na Bwana amevua kofia ya juu ameishika mkononi, anamtazama huyu, anamtazama yule.

Watu walikuwa wameshaanza kujaa. Wa kwanza kuchungulia shimoni alikuwa bibi Eustadia, dada yake babu Ngollo, ajuza aliyekuwa akitembea na fimbo mbili. Akachungulia. Akainama zaidi. Nikangoja aanze kilio cha msiba.

Akasema, "Lile si jiwe langu?"

Hakuna aliyemwelewa.

"Jiwe langu la kusagia! Lile lenye ufa! Lililoibiwa uani kwangu! Lugembe, si nilikwambia ni wewe? Miaka yote hii nakwambia ni wewe!"

Tukachungulia wote. Mimi nilipita katikati ya miguu ya watu. Udongo mwekundu, nyuzi za mkeka uliooza, na katikati jiwe kubwa la kusagia lenye mgongo uliolika, na pembeni yake gogo lililoliwa na mchwa. Basi. Hapakuwa na mfupa. Wale wa koleo wakashuka, wakachimba mpaka kwenye mwamba. Hapakuwa na jino wala ukucha.

 Watu walianza kurudi nyuma, hatua moja, hatua mbili, kama shimo linaweza kuwafuata. Mtu akasema kwa sauti ya chini neno ambalo kila mmoja alikuwa analo mdomoni, "Amechukuliwa."

Hapo kwetu, mwili ukikosekana kaburini na badala yake kuna gogo, hakuna anayeuliza mara mbili. Mchawi amemchukua maiti akamfanya msukule, anamlimia shambani usiku, na ameacha gogo ili kaburi lisididimie. Kila mtoto anajua hilo. Na jiwe lililoibiwa limo humohumo! Nani aliyetajwa kuliiba?

Wakamgeukia Lugembe.

Mzee wa watu alikuwa amesimama na kibuyu chake cha asali. Mtu wa kimya, anaishi peke yake, amezoeana na nyuki hata hawamchomi. Tazama jinsi mambo yote hayo jana yalivyokuwa ya kawaida, na leo yamekuwa ushahidi.

"Ndiyo maana shamba lako halina magugu," mmoja akasema.

"Mimi?" Lugembe akasema. "Mimi?"

"Mtoe Ngollo! Mtoe sasa hivi!"

Vijana wawili walikuwa wameshamshika, mmoja shati, mmoja mkono. Kibuyu kikaanguka, asali ikaingia mchangani. Mwingine akaokota rungu la minyaa. Bwana anapiga kelele kwa Kizungu, hakuna anayemsikia. Ndipo baba yangu akatokea mbio kutoka kambini, barua mkononi, jasho linamtoka, amekwenda kumtafuta Bwana hakumkuta. Akafika ukingoni. Akaangalia shimo. Akaangalia tena.

Nimewahi kumwona baba yangu akizika watoto wake wawili. Sikuwahi kumwona na uso ule. Alikuwa kama kile kichuguu, yupo, halafu hayupo.

"Mayu," akasema. "Baba yangu yuko wapi?"

 Bibi alikuwa amekaa juu ya rundo la udongo, mbele ya ule ubao wa tingatinga, kitenge amekikumbatia kifuani.

"Mayu, wewe ndiye uliyemzika. Yuko wapi?"

Bibi akatazama chini.

Rungu likampata Lugembe begani. Nikasikia mfupa. Mzee akapiga magoti, akaweka mikono kichwani, na hakusema "msinipige", alisema, "Katarina." Basi. Jina tu.

Baba akajitupa katikati akampokonya yule kijana rungu. "Hakuna atakayempiga mtu hapa mpaka nijue!" Lakini alikuwa peke yake na wao walikuwa wengi, na bibi Eustadia na fimbo zake mbili anapiga kelele, "Mrudishe ndugu yangu! Mrudishe!" Mtu akaokota jiwe. Wa pili akaokota.

"Mwacheni."

Sauti ilikuwa ndogo. Abasi ndiye aliyeisikia kwanza, maana alikuwa bado amelala miguuni pake. Akainuka, akapiga ngumi ubao wa tingatinga, ukalia kama kengele ya kanisa. "Anasema! Mtani wangu anasema, nyamazeni!"

Waliookota mawe wakayashusha.

"Mwacheni Lugembe," bibi akasema. "Hajachukua mtu. Jiwe niliiba mimi, wifi, nisamehe. Nilitaka kitu kizito. Mlikuwa mnanitazama kutoka mbali, mngeona mkeka hauna uzito. Gogo nililikata palepale."

Bibi Eustadia aliangusha fimbo moja. Ile ya pili ikambakiza amesimama.

Baba yangu akamwendea mamaye taratibu. Barua yenye kidole gumba ilikuwa imeanguka, watu wanaikanyaga. Akachuchumaa mbele yake, uso kwa uso, kama alivyokuwa akichuchumaa mbele yetu sisi watoto tukiwa tumeficha kitu.

"Kwa hiyo hakufa kwa ndui."

Bibi akatikisa kichwa.

"Basi niambie, mayu. Sikulaumu. Nimelia juu ya jiwe miaka thelathini na zaidi, sitakulaumu. Baba yangu yuko wapi?"

Bibi akainua macho. Hakumtazama baba, alitazama ile njia ya zamani, upande unaoelekea machweo, huko ambako vigingi vya Bwana vilikuwa bado vimesimama.

"Alikuja," akasema. "Nilikuwa kituoni na karanga zangu, nikamwona anakuja na wasafiri, mzima, amenenepa. Amembeba mtoto wa kike begani, na nyuma yake mwanamke mwenye mimba. Nikasimama na ungo wangu. Akaninunulia karanga, Silasi. Akampa yule mtoto. Wakati yule mwanamke amekwenda kunywa maji, nikamwambia mwanao anatembea sasa, anaita baba kila mwanamume anayepita. Akasema wanakwenda Ujiji, hawezi kukawia. Nikamuuliza, nikafike nyumbani niwaambie nini? Akaniambia, 'Waambie nimekufa.' Nikaja nikawaambia."